Tumotoka twa Lac Vert na Kazi ya Kitivo Chetu

Kila mwaka, unapofika wakati wa kuchagua mada za tasnifu, sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika hurudi kwenye njia zilezile: methali, nyimbo za harusi, majina ya watu, lugha ya matangazo ya redio. Sina ugomvi na mada hizo, na baadhi zimeandikiwa kazi nzuri. Ninachouliza ni kwa nini hatujaigusa karakana moja ya lugha iliyo karibu nasi, ambayo mafundi wake hawamfungii mtu mlango. Ninazungumzia watoto wa Lac Vert wanaounda magari ya kuchezea kwa mikebe, waya na soli za kandambili. Nashikilia kwamba karakana hiyo inastahili tasnifu, tena zaidi ya moja, na kwamba tukiendelea kuichukulia kama mchezo tu tutapoteza kitu kikubwa kuliko orodha ya maneno.

Kwa wasomaji wasioufahamu mji wetu, Lac Vert ni mtaa wa magharibi mwa Goma, upande wa kuelekea Sake. Jina lake limetokana na ziwa dogo la kreta, lenye maji ya kijani, lililo jirani na Ziwa Kivu. Vita vilipoanza upya mwishoni mwa 2021, eneo hilo na jirani zake Mugunga na Bulengo lilipokea familia nyingi zilizokimbia Masisi na Rutshuru. Watoto walifika na Kihunde chao, Kinyarwanda chao, Kinande chao, wakawakuta watoto wa mjini wenye Kiswahili cha Goma. Katika kucheza ilibidi waelewane, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kwa hiyo anayetaka kuona Kiswahili kinavyojengwa upya na watu waliotoka pande tofauti hahitaji kusafiri mbali.

Gari lenyewe hujengwa hivi. Bodi ni mkebe wa sardini, au mkebe mkubwa wa mafuta ya msaada uliokatwa na kukunjwa. Chini yake hupita fremu ya waya au kipande cha ubao. Ekseli ni waya mnene ulionyooshwa, na aliyebahatika hupata spoki ya baiskeli. Magurudumu hukatwa kwenye soli ya kandambili, au kambambili kama tunavyosema hapa, kisha kila duara hutobolewa katikati kwa msumari uliopashwa moto. Shimo hilo ndilo mtihani wa fundi: likibana, gurudumu halizunguki, likiwa pana, gurudumu linayumba na gari linakwenda upande. Ekseli ya mbele haifungwi moja kwa moja kwenye fremu. Huachwa igeuke kwenye kitovu chake, na kutoka hapo hupanda fimbo au waya mrefu hadi kwenye mikono ya mtoto, mwishoni ukiwa na duara la usukani. Mtoto hutembea nyuma ya gari lake, mgongo umenyooka, akiliendesha kutoka mbali bila kuinama.

Halafu huja rangi. Maandishi ya kiwandani husuguliwa kwa mchanga na jiwe hadi chuma king'ae, au mkebe hugeuzwa ili upande wake wa ndani uwe wa nje. Rangi ni mabaki ya wapaka mageti, kidogo ndani ya kifuniko cha chupa. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha. Koti la kwanza huanikwa juani, na mwenye haraka anayepaka la pili kabla halijakauka hujulikana kwa mikunjo itakayobaki kwenye gari lake. Mwisho huandikwa namba ya gari na jina la safari: Goma, Sake, Masisi. Mtoto ambaye daftari lake limebaki kijijini anaandika jina la kijiji hicho ubavuni mwa lori lake. Hilo nalo ni somo la uandishi, na hakuna aliyemlazimisha.

Tulinganishe na gari la mfano linalouzwa ndani ya boksi, lile la kuunganisha vipande kwa vipande na kuliongoza kwa mawimbi ya redio. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la aina hiyo mwaka 1976, mfano wa Porsche 934. Mnunuzi hufungua boksi, hukuta shasi, mota, giya, skrubu zilizopangwa kwenye vifuko, na kitabu cha maelekezo chenye michoro mingi na maneno machache. Ukigeuza gurudumu la rimoti, ishara husafiri hewani hadi kwenye kipokezi kilicho ndani ya gari, na mota ndogo ya usukani huvuta fimbo inayogeuza magurudumu ya mbele. Kifaa kingine hupima umeme wa betri unaoruhusiwa kufika kwenye mota kuu, na hapo ndipo mwendo unapoongezeka au kupungua.

Bodi ya magari mengi ya namna hiyo ni plastiki nyepesi inayoonyesha, na hupakwa rangi kwa ndani. Kwanza vioo vya madirisha huzibwa kwa karatasi ya gundi ili rangi isiviguse. Kisha hupakwa mistari na madoido madogo, na rangi pana huja mwisho, kwa sababu mtazamaji ataangalia kutoka upande wa pili. Plastiki yenyewe ndiyo inayoilinda rangi dhidi ya mikwaruzo. Mpangilio huo ni kinyume kabisa na ule wa mkebe, ambako rangi pana hutangulia na maandishi hufuata.

Nimeyaweka magari hayo mawili meza moja kwa sababu kazi ya akili inayotakiwa ni ileile. Lazima ujue kipi kinatangulia, kipi kinabana na kipi kinalegea, kipi kikigeuka kinageuza kingine. Lazima pia uweze kumwambia mwenzako, naye aelewe na kukupa kipande unachokitaka. Tofauti ni kwamba mwenye boksi amepewa majina ya vipande pamoja na vipande vyenyewe. Mtoto wa Lac Vert ameunda vyote viwili. Na kwenye mawe yetu ya volkano, gari la dukani lenye tumbo lililokaribia ardhi lingekwama mahali ambapo mkebe wenye magurudumu ya soli unapita.

Sasa niingie kwenye isimu, maana hapo ndipo penye deni letu.

Jambo la kwanza ni kiambishi. Gari la kuchezea huko huitwa kamotoka, na yakiwa mengi ni tumotoka. Kiswahili sanifu kingesema kigari na vigari. Ngeli za ka- na tu-, ambazo wataalamu wa Kibantu wanazipa namba 12 na 13, zinaishi vizuri katika lugha za jirani zetu, Kinyarwanda kikiwa mfano wa karibu, na Kiswahili cha Goma kimezihifadhi au kimezirudisha. Sikiliza sentensi niliyoiandika kwenye daftari langu alasiri moja: «Kamotoka kangu kanatembea, ila mapine inalegea.» Upatanisho wa ka- umekamilika: kangu, kanatembea. Lakini mapine, ambayo ni wingi wa pine, yaani tairi, hayakusema «yanalegea» bali «inalegea». Kwa nini upatanisho wa udogo uwe imara kiasi hicho katika sentensi ambayo ngeli ya ma- imelegeza wake? Je, ni athari ya lugha za nyumbani, au ni kwa sababu ka- imebeba mapenzi ya mtoto kwa kitu chake, na kilichobeba mapenzi hakidondoshwi kirahisi? Hilo ni swali la tasnifu nzima ya mofolojia, na limo ndani ya maneno sita ya mtoto.

Jambo la pili ni maneno ya kukopa. Volani, pine, fre, telekomande: yote yametoka kwenye Kifaransa kupitia gereji za mji. Lakini si kila sehemu ya gari imepewa jina la kukopa. Taa ni macho, sehemu ya chini ni tumbo. Na kuna kipande kimoja ambacho kimenivutia kuliko vyote: kile kijipande cha mpira kinachochomekwa kwenye ncha ya ekseli ili gurudumu lisichomoke. Watoto niliowasikia walikiita mulinzi. Jaribu wewe msomaji kukitaja kwa Kiswahili sanifu kwa neno moja. Dhana ninayotaka ipimwe ni kwamba sehemu ambazo mtoto amezikuta kwenye magari ya mjini huja na majina yake, na sehemu alizozibuni mwenyewe huzipa majina kutoka kwenye maisha yake. Kama dhana hiyo ni ya kweli, tuna mahali pa kutazama istilahi ikizaliwa mbele ya macho yetu, badala ya kusubiri iteremke kutoka kwenye kamati.

Najua nitajibiwa nini. Pingamizi la kwanza ni kwamba hicho si Kiswahili bali ni mchanganyiko, na kazi ya kitivo ni kufundisha Kiswahili sanifu. Nakubali kabisa kwamba tunahitaji lugha sanifu. Nchi yetu imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na atakayefanya kazi na wenzake wa Arusha au Nairobi lazima aeleweke. Lakini tukague gari la Kiswahili sanifu kipande kwa kipande. Neno gari limetoka Bara Hindi. Usukani umetoka kwenye Kiarabu, na ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujawa wa chombo cha barabarani. Breki na tairi ni za Kiingereza. Hakuna anayezionea haya. Kwa nini basi breki iwe neno la kamusi na fre iwe kosa la mtoto? Historia inajibu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilizihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwa mezani. Maneno yetu hayakupimwa yakakataliwa, hayakupelekwa kabisa.

Aliyesoma kitabu cha Johannes Fabian cha mwaka 1986 kuhusu Kiswahili na utawala wa kikoloni Kongo atakumbuka kwamba miongozo mingi ya lugha ya wakati ule iliandikwa ili mkubwa aweze kumpa mdogo amri. Ilikuwa lugha ya kuongozea watu kutoka mbali. Nusu karne na zaidi baada ya uhuru, tukiendelea kumwendea mzungumzaji wa Lac Vert kwa kumsahihisha tu, bila kumuuliza, tunashika rimoti ileile. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sioni ni Kiswahili cha nani kinachotajwa pale kama si hiki kinachosemwa na wananchi wenyewe.

Pingamizi la pili ni kwamba maneno ya watoto hupita. Mtoto atakua, atasahau mulinzi, atajifunza jina la gereji. Inawezekana. Lakini kitu kinachopita ndicho kinachotaka kuandikwa haraka. Mwezi wa Februari 2025, baada ya mji kubadilisha mikono mwishoni mwa Januari, kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa na watu wakaondoka, wengi wakirudi kwenye vijiji ambavyo havikuwa na nyumba tena. Tumotoka tuliondoka kwenye mizigo, au tulibaki juu ya mawe. Kundi la watoto lililotengeneza msamiati wa pamoja kwa zaidi ya miaka miwili lilitawanyika kwa siku chache. Wengine wako bado mtaani kwa jamaa zao, wengine wamerudi Masisi. Anayetaka kujua kama neno mulinzi limesafiri nao, na kama limefika huko limekutana na jina lingine, anayo nafasi ndogo ya kulifuatilia, na nafasi hiyo inazidi kufunga.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu: watoto hao wanahitaji chakula, maji na shule, na ni aibu kuwaendea na daftari la ngeli. Sitalijibu kwa kusema kwamba lugha ni utamaduni. Nitalijibu kwa chuma.

Mtoto anayeunda gari anatafuta chuma. Anakitafuta kwenye majalala, kando ya njia, kwenye mashimo, penye mabati mabovu ambayo hapa tunayaita manjanja. Na ardhi yetu ina chuma cha namna nyingine. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga na kuua watu, watoto wakiwamo. Mapigano ya Januari 2025 nayo yaliacha ndani na pembezoni mwa mji vitu ambavyo havijalipuka. Yanatolewa maonyo, na ni jambo jema. Lakini onyo linalosema «epukeni mabaki ya silaha ambayo hayajalipuka» limeandikwa kwa ajili ya mtu mzima aliyekwenda shule. Mtoto wa miaka minane haokoti mabaki ya silaha. Anaokota ka kitu kadogo ka chuma kanakong'aa, kenye umbo linalofaa kuwa tangi la lori. Kama hatujui anakiitaje kipande cha bomba, kipande cha mkebe, kitu cha mviringo chenye mkia, tutamwonya kuhusu kitu ambacho hajawahi kukiona, na kile anachokiona kila siku hatutakitaja.

Kwa hiyo msamiati wa magari ya kuchezea ni ramani ya vyuma katika kichwa cha mtoto. Unaonyesha anatofautisha vyuma vipi, kwa umbo, kwa uzito, kwa rangi, kwa matumizi. Mtegua mabomu hana muda wa kuichora ramani hiyo. Mwanafunzi wa isimu anao, na amefundishwa namna ya kuichora: semantiki ya leksia tunaisoma muhula mzima. Sijui sehemu nyingine ambapo somo hilo lingeweza kutumika moja kwa moja kiasi hiki.

Napendekeza nini basi? Kwanza, kitivo kikubali mada za tasnifu zinazohusu lugha ya ufundi wa watoto, na kisizirudishe kwa maneno kwamba «hazina maandiko ya kutosha». Maandiko hayatakuwapo mpaka tuyaandike. Pili, tukusanye maneno pamoja na vitu. Mtoto aombwe aunde gari na aeleze anachofanya huku akifanya. Orodha ya maswali yenye «hiki mnakiitaje» itatupa nomino peke yake, wakati nusu ya ujuzi imo kwenye vitenzi: kukunja, kutoboa, kuchomeka, kukaza, kulegeza, kusugua, kuanika. Tatu, tuandike pia jina la kijiji alikotoka mzungumzaji na lugha ya nyumbani kwake, bila jina lake, na tupate ruhusa ya wazazi au walezi. Watu hawa wamehojiwa na kuorodheshwa mara nyingi mno; wasiahidiwe kitu tusichoweza kukileta. Nne, kinachokusanywa kirudi: kijitabu kidogo chenye michoro, maneno yao na tahadhari kuhusu vyuma vya hatari, kisomwe na watoto wenyewe kabla hakijachapwa, ili watuambie ni wapi tumekosea kutaja.

Hayo hayahitaji bajeti kubwa. Yanahitaji daftari, simu ya kurekodia, na mwalimu atakayekubali kusimamia. Tuna pia siku inayofaa. Tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021, tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka huwa na hotuba za kukisifu kama lugha ya umoja. Mwaka mmoja tu hotuba moja ipunguzwe, na nafasi yake ipewe meza ya tumotoka, waundaji wake wakiwa upande wa kufundisha nasi upande wa kuuliza.

Wengine waanze kwingine. Mji wetu umemsimamishia sanamu mwendesha chukudu katikati ya mzunguko, nasi tunaupita kila siku bila kujiuliza mafundi wanaochonga chombo hicho wanaviitaje vipande vyake. Wapo pia washonaji wa soko, wachomeleaji, wapakaji wa mabasi. Mimi nimeshachagua upande wangu: mada nitakayowasilisha ni upatanisho wa ka- na tu- katika lugha ya waunda tumotoka, na orodha ya vyuma itakuwa kiambatisho chake. Nikipata mwenzangu wa semantiki atakayeichukua orodha hiyo iwe tasnifu kamili, nitampa daftari langu siku hiyohiyo.